Pointa Mbili, Memori Moja? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Uchambuzi wa Lakabu Kwenye Kompaila

Jumamosi usiku, baada ya Isha, huwa tunakaa watu sita au saba na laptopu zetu kwenye baraza moja Michenzani. Tangu tulipoanza kuifungua LLVM, mkusanyiko wa zana za kutengenezea kompaila (programu zinazogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine), tuone ndani yake mna nini, maswali yamekuwa yale yale. Nimechoka kuyajibu kwa sauti, kwa hiyo nimeyaandika. Mifano yote ni ya lugha ya C, na zana ni za LLVM na Clang, kompaila ya C iliyojengwa juu yake, ingawa anayetumia kompaila ya GCC hatopotea sana.

Lakabu ni nini, na kompaila inazitakia nini?

Huku kwetu mtu mmoja ana majina matatu. Kwenye kitambulisho ana lake, nyumbani ni Baba Salma, kazini ni Fundi Ali. Sasa mfikirie mwenye duka wa mtaani na daftari lake la madeni, ambalo ukurasa ni wa mtu, si wa jina. Asubuhi kalifungua, kaona Baba Salma anadaiwa elfu nane, kaiweka hesabu hiyo kichwani. Saa nne kijana wake wa dukani anamwambia, "Nimemuandikia Fundi Ali elfu tatu." Jioni anatokea Baba Salma kulipa. Je, mwenye duka aitegemee elfu nane ya kichwani au alifungue daftari upya?

Ikiwa Fundi Ali ni mtu mwengine, kichwa kinatosha. Ikiwa ni yule yule, hesabu ya kichwani imeshapitwa. Na ikiwa hajui, hana budi kufungua daftari, hata kama mara tisa kati ya kumi atakuta hakuna kilichobadilika.

Daftari ndiyo memori, kichwa ndiyo rejista (kihifadhi kidogo ndani ya prosesa yenyewe), majina ndiyo pointa (vigezo vinavyoshika anuani ya kitu kwenye memori). Kompaila inataka kuweka vitu rejistani kwa sababu memori ni ya mbali. Lakini kila programu inapoandika kupitia pointa, swali linarudi: hili ni jina jengine la kitu kile kile? Kazi ya kulijibu swali hilo ndiyo uchambuzi wa lakabu.

Majibu yake ni yapi?

Ni manne, na LLVM huyachapisha hivi: `NoAlias`, pointa hizi hazikutani kabisa, `MustAlias`, zinaanza pahala pamoja, hakuna shaka, `PartialAlias`, vinavyoelekezwa vinapandana kwa namna fulani, kama vyumba viwili vinavyogawana ukuta, na `MayAlias`, yaani huenda.

"Huenda" ndiyo jibu la kulizoea. Si kosa, wala si hitilafu. Ni jibu salama. Uchambuzi unaojibu "huenda" kwa kila swali ni sahihi kabisa na hauna faida hata kidogo. Hatari iko upande wa pili: ukijibiwa `NoAlias` na kumbe zinakutana, programu inaharibika kimya kimya.

Kuna swali la pili linaloulizwa kuhusu miito ya funksheni: ukimpa mtoto daftari akaenda nalo, akirudi amelisoma tu, ameandika, au hata hakulifungua? LLVM inaliita swali la `ModRef`. Ndiyo maana kuitia funksheni alama ya `__attribute__((pure))`, yaani inasoma tu haiandiki, pale inapostahiki, kunaweza kuifungua lupu iliyokwama.

Lupu yangu inajumlisha tu. Kwa nini kompaila iogope?

Hii hapa, imeandikwa na mmoja wetu aliyekuwa anahesabu magunia ya karafuu:

```c
void jumlisha(int *jumla, int *magunia, int n) {
    for (int i = 0; i < n; i++)
        *jumla += magunia[i];
}
```

Wewe unaona jumla moja na orodha moja. Kompaila inaona pointa mbili za `int`, na hakuna aliyeiambia kwamba `jumla` haimo ndani ya `magunia`. Tuifanyie ukorofi makusudi. Orodha ni 2, 3, 4, na tunaita `jumlisha(&magunia[1], magunia, 3)`. Maana yake tunaijumlisha orodha ndani ya kitu chake chenyewe cha kati.

Fuata hatua kwa hatua. `*jumla` inaanza na 3. Mzunguko wa kwanza: 3 na 2 ni 5, na hiyo 5 inaandikwa kwenye `magunia[1]`. Wa pili: 5, ongeza `magunia[1]`, ambayo sasa ni 5, ni 10. Wa tatu: 10 na 4 ni 14. Hivyo ndivyo lugha inavyotaka.

Sasa jifanye kompaila mvivu. Iweke jumla rejistani, iandike memori mara moja tu mwishoni: 3 na 2 ni 5, na 3 ya zamani ni 8, na 4 ni 12. Kumi na mbili na kumi na nne si kitu kimoja. Kompaila haijui kama utaita kikorofi au kistaarabu, na dhamana yake ni kwamba jibu lisibadilike. Kwa hiyo ama inaandika kila mzunguko, ama inatia ukaguzi.

Ukaguzi gani?

Hutengeneza lupu mbili, ya mbio na ya pole, na mbele yake mistari michache ya kulinganisha anuani wakati programu inaendeshwa. Zisipopandana, inakwenda ya mbio. LLVM inavumilia ulinganisho wa kiasi tu, ukizidi hapo inaghairi, isipokuwa umeiruhusu wazi. Kujua kama lupu yako imefanyiwa hivyo, tumia `-Rpass=loop-vectorize`; kujua kwa nini haikufanyiwa, tumia `-Rpass-analysis=loop-vectorize`. Anza na hizi mbili kabla hujagusa chochote kizito. Ni chaguo za Clang za kawaida, hazihitaji kujenga kitu.

Basi nikiandika `restrict` mambo yamekwisha?

`restrict` ilikuja na C99, na ni kiapo. Ukiandika `int *restrict jumla` unaapa kwamba, funksheni ikiwa inaendelea, kitu hicho hakitoguswa kwa njia nyengine. Kompaila haikuulizi shahidi. Ukiapa kisha ukaita kikorofi kama tulivyofanya hapo juu, unaweza kupata 12, unaweza kupata 14, na huna wa kumlalamikia.

Mimi naiweka kwenye funksheni ndogo za ndani, za hesabu nzito, ambazo wanaoziita nawaona wote kwa macho yangu. Kuipaka kila pahala kama chokaa siipendi. Anayekuja kuirithi programu yako hatojua ulikuwa umeapa nini.

Fortran, kwa taarifa tu, haina haja ya kuapa. Kanuni zake zinakataza hoja mbili za funksheni kupandana ikiwa moja inaandikwa. Ndiyo sababu mojawapo ya wanasayansi wa hali ya hewa kuing'ang'ania mpaka leo.

Hizi "pasi" za lakabu ni ngapi?

Pasi ni mpito. Kompaila inaupitia msimbo mara nyingi, kila mara kwa kazi moja, kama pasi ya makaa juu ya kanzu ya Ijumaa: mgongo kwanza, halafu mikono, halafu pindo. Uchambuzi wa lakabu wenyewe haunyooshi chochote. Wenyewe ndio unaoulizwa "hapa pana mkunjo?" na pasi nyengine ndizo zinazofanya kazi.

Kwenye LLVM wanaoulizwa ni kadhaa, wamekaa mstari. `basic-aa` ni mzee wa busara ya kawaida: vigezo viwili tofauti vya ndani ya funksheni havikutani, `a[0]` si `a[1]`, na kitu ambacho anuani yake haijawahi kutoka nje ya funksheni hakiwezi kuguswa na mgeni. `scoped-noalias-aa` anashika viapo vya `restrict` hata baada ya funksheni kumezwa ndani ya nyengine. `tbaa` anaangalia aina: aliyeandika `double` hakugusa `int`. `globals-aa` anajua vigezo vya jumla ambavyo anuani zao hazikuwahi kuchukuliwa.

Swali linaanza kwa wa kwanza. Akijibu "huenda", linapita kwa wa pili. Akitoa jibu la uhakika, wa nyuma haulizwi tena. Shika hilo, tutalihitaji.

Nitaonaje kompaila inafikiri nini hasa?

Kwa `aa-eval`. Hii ni pasi isiyobadilisha msimbo. Inazichukua pointa za funksheni, inauliza kila jozi, halafu inakuchapishia majibu na asilimia zake. Kwanza toa msimbo wa kati, ule ambao LLVM inaufanyia kazi kabla ya lugha ya mashine:

```
clang -O1 -Xclang -disable-llvm-passes -S -emit-llvm karafuu.c -o karafuu.ll
```

Usitumie `-O0` hapa (namba baada ya `-O` ni kiwango cha kuboresha msimbo, na 0 ni bila kuboresha). Kwa `-O0` Clang haiandiki taarifa za aina, na inazitia funksheni alama ya "usiguse", kwa hiyo utakaa unahoji ukuta. Kisha, kwa `opt`, zana ya LLVM ya kuendesha pasi unazozichagua:

```
opt -passes=sroa,aa-eval -print-all-alias-modref-info -disable-output karafuu.ll
```

`sroa` imetangulia ili kuondoa vigezo vya muda ambavyo Clang huvimwaga kila pahala. Bila yake ripoti inajaa takataka. Kwa `jumlisha` yetu utaona `MayAlias` kati ya `jumla` na kitu cha `magunia`. Sasa badilisha `int *jumla` iwe `double *jumla`, rudia, na utarajie `NoAlias`.

Hutoiona. Hapa ndipo kila mtu hukwama, na mimi nilipoteza jioni nzima hapa hapa. `aa-eval` kwa kawaida inauliza kuhusu pointa tupu, bila zile alama za aina zinazobandikwa kwenye kusoma na kuandika, na `tbaa` bila alama hizo ni kipofu. Ongeza `-evaluate-aa-metadata`. Sasa itaoanisha kusoma na kuandika kwenyewe, mistari itakuwa na alama ya `<->` katikati, na `NoAlias` yako itatokea.

Ukitaka kujua nani kajibu, punguza mstari: `-aa-pipeline=basic-aa` peke yake, halafu `-aa-pipeline=basic-aa,tbaa`. Tofauti ya ripoti mbili ndiyo mchango wa `tbaa`. Njia hii naipenda kuliko kusoma msimbo wa LLVM usiku wa manane.

Programu inatoa jibu sahihi kwa `-O0`, kwa `-O2` inatoa uongo. Kompaila mbovu?

Karibu kila mara, hapana. Nisikilizeni mimi niliyeaibika.

Miaka kadhaa nyuma nilimwandikia jamaa mmoja Pemba programu ya kusoma mizani ya karafuu. Mizani inatuma baiti nne, ambazo ni namba ya desimali. Mimi nikaziunga kuwa `uint32_t`, namba nzima ya biti 32, kisha nikazisoma kwa pointa ya `float`. Ukiupunguza msimbo wangu mpaka mfupa, unabaki huu:

```c
float soma(uint32_t *neno, float *uzito) {
    *uzito = 0.0f;
    *neno = 0x41480000;
    return *uzito;
}
```

Pointa zote mbili nilizielekeza pahala pamoja. `0x41480000` ukiisoma kama `float` ni 12.5. Kwenye laptopu yangu, `-O0`, kilo 12.5 kila mara. Nikaijenga kwa `-O2`, nikampelekea kwa flashi. Siku ya pili simu: gunia kilo sifuri. Mkulima kalibeba gunia begani kutoka shamba, ameanika karafuu siku kadhaa juani, halafu mashine inamwambia sifuri! Jamaa yangu alinieleza maneno aliyotukanwa, siyaandiki hapa.

Kilichotokea ni hiki. C inasema kitu cha `float` hakisomwi wala kuandikwa kwa pointa ya `uint32_t`. `basic-aa` akiziona pointa mbili zimeingia kama hoja anajibu "huenda". Swali linafika kwa `tbaa`, naye anasema aina mbali mbali, `NoAlias`. Basi kuandika kwenye `neno` hakuigusi `uzito`, na jibu ni 0.0 lililoandikwa juu. Kompaila ilifuata sheria. Mwongo nilikuwa mimi.

Na hii ndiyo inayochanganya watu: ukiifanya hila hiyo hiyo ndani ya funksheni moja, kwa `*(float *)&neno`, mara nyingi LLVM inatoa jibu ulilolitaka, kwa sababu `basic-aa` anaona wazi ni anuani moja, anajibu `MustAlias`, na `tbaa` haulizwi. Halafu siku moja unaupanga upya msimbo, unaigawa funksheni, na kilo zinapotea. Kuwa inafanya kazi leo si hoja.

Dawa ni `memcpy(&uzito, &neno, sizeof uzito)`. Usiogope ule mwito, kwa baiti nne kompaila inaugeuza kuwa agizo moja tu. Kwenye C++20 kuna `std::bit_cast`. `union` inakubalika kwenye C, si kwenye C++. Na pointa ya `char` inaruhusiwa kukitazama kitu chochote, hiyo ina ruhusa maalum.

Si bora niweke `-fno-strict-aliasing` nilale?

Unaweza. Kernel ya Linux inajengwa hivyo, na walioiandika si wajinga. Unampoteza `tbaa`, unabaki na wengine. Kwa programu ya zamani uliyorithi yenye hila za kila namna, ningeiweka bila aibu. Kwa mpya, andika `memcpy`.

AddressSanitizer haikuniambia kitu. Kwa nini?

Kwa sababu yenyewe inatafuta kusoma nje ya mpaka na memori iliyokwisha kurudishwa. Msimbo wangu wa mizani haukutoka nje ya mpaka hata baiti moja. Unayemtaka ni TypeSanitizer, `-fsanitize=type`, iliyoingia Clang 20 mwaka 2025. Inakumbuka kila pahala pa memori paliandikwa kwa aina gani, na inapiga kelele ukisoma kwa aina nyengine. Inaifanya programu iwe nzito, na bado ni changa, kwa hiyo ni ya kujaribia tu. `-Wstrict-aliasing` ya GCC, ambayo imo ndani ya `-Wall`, inashika zile za wazi wazi.

Na ikiwa kweli kosa ni la kompaila?

Hutokea. Lugha ya Rust ilipata tabu hiyo: `&mut` yake, yaani pointa ya kuandikia, ni ahadi ya kutokuwa na lakabu, ikawa inampa LLVM ahadi nyingi kuliko C ilivyowahi kumpa, na hitilafu zilizolala zikaamka. Ahadi hiyo iliwashwa na kuzimwa zaidi ya mara moja, mpaka ikawashwa tena kwenye Rust 1.54 mwaka 2021.

Kumkamata mkosaji, tumia `-mllvm -opt-bisect-limit=N`. Kompaila itaendesha pasi N za mwanzo na kuziacha zilizobaki, huku ikichapisha namba ya kila moja. Anza na `-1`, ambayo inaendesha zote, uone zimefika ngapi. Tuseme 800. Jaribu 400: jibu sahihi? Basi mkosaji yuko baada yake, jaribu 600. Unagawa nusu kwa nusu, na kwa majaribio kama kumi umefika kwenye pasi moja na funksheni moja.

Usikimbilie kuilaumu pasi hiyo, lakini. Yeye alitenda kwa jibu aliloambiwa. Chukua msimbo kama ulivyokuwa kabla yake, kwa `-print-before-all`, uendeshe `aa-eval` juu yake, utafute `NoAlias` isiyostahiki. Kisha `llvm-reduce`: unampa faili na skripti inayorudisha 0 kama hitilafu bado ipo, naye anakatakata mpaka unabaki na mistari kumi ya kuwapelekea wahandisi. Bila kupunguza, msimpelekee mtu faili la mistari elfu thelathini. Hatolisoma, na mimi pia nisingelisoma.

`-debug-only`, chaguo la kuchapisha maelezo ya ndani ya pasi, inakataliwa kwenye `opt` yangu.

Kwa sababu ile ya kwenye paketi kwa kawaida imejengwa bila ukaguzi wa ndani. Inabidi ujijengee. Kwa laptopu ya GB 8 usijaribu `Debug`, utaishiwa memori kwenye kuunganisha. Hizi zinatosha:

```
cmake -G Ninja -DCMAKE_BUILD_TYPE=Release -DLLVM_ENABLE_ASSERTIONS=ON \
  -DLLVM_TARGETS_TO_BUILD=X86 -DLLVM_PARALLEL_LINK_JOBS=1 ../llvm
ninja opt llvm-reduce
```

Umeme ukikatika katikati, washa tena na uandike `ninja`, itaendelea ilipoishia.

Kwa nini wasitengeneze uchambuzi unaojua kila kitu?

Kwa sababu imethibitishwa haiwezekani. William Landi alilionesha hilo mwaka 1992 na G. Ramalingam akalirudia kwa njia nyengine 1994: kwa ujumla hakuna programu inayoweza kujibu swali hili kwa uhakika kwa kila programu. Kilichobaki ni kuchagua unalipa kiasi gani. Lars Ole Andersen, 1994, alitoa njia yenye majibu makali lakini nzito. Bjarne Steensgaard, 1996, akatoa nyepesi mno yenye majibu ya jumla jumla. GCC inatumia ya ukoo wa Andersen. LLVM ilikuwa nazo za aina zote mbili, hazikuwahi kuwashwa kwa kawaida, na mwishowe zikaondolewa.

Sina laptopu. Naweza kwa simu?

Unaweza. Fungua Compiler Explorer kwenye kivinjari, chagua Clang, bandika `jumlisha`, na pahala pa chaguo andika `-O2 -Rpass-analysis=loop-vectorize`. Kuna dirisha la Opt Pipeline linaloonesha msimbo kabla na baada ya kila pasi, na zile zilizobadilisha kitu zimewekwa rangi. Kwenye kioo kidogo lazima uigeuze simu kwa upana, na hata hivyo utabana macho. Mmoja wetu anayetoka Wete alisoma `licm`, pasi inayotoa nje ya lupu kazi isiyobadilika, yote hivyo hivyo, njiani ndani ya boti, kwa kufungua kurasa kabla ya kuondoka bandarini maana katikati ya mkondo mtandao unakatika.